Watoto Wanaosomeshwa Nyumbani: Somo Kutoka Tarbaj

Alhamdu lillahi, twamhimidi Mwenyezi Mungu, twamtaka msaada na maghufira, na twamuomba rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Katika darsa zetu za karibuni tumeulizwa mas-ala moja na wazazi zaidi ya mmoja, nayo ni hii: Mtoto anayesomeshwa nyumbani, au anayeletewa mwalimu kwa saa moja au mbili kila siku, je, mzazi wake amekwisha toka katika dhima kwa kumlipa mwalimu huyo? Na je, yafaa wakati wa mtoto upitishwe katika kupima, kuhesabu na kufanya kazi kwa mikono yake, au huo ni mchezo unaomwibia wakati wa kitabu?

Mas-ala haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwani ndani yake mna amana ya watoto wetu. Nasi kabla ya kuyajibu twapenda kumchukua msomaji mtukufu mpaka Tarbaj, kwa sababu watu wa huko wamekuwa wakiwasomesha watoto wao nyumbani tangu zamani, na katika khabari zao mna mafunzo kwetu sisi watu wa miji ya pwani, ya kuigwa na ya kuepukwa.

Tarbaj ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, upande wa kaskazini ya mji wa Wajir, katika njia iendayo El Wak na Mandera. Watu wake wengi ni Wasomali Waislamu, na utajiri wao ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mvua zao ni mbili kwa mwaka: ya Gu, ambayo hunyesha baina ya Machi na Mei, na ya Deyr, baina ya Oktoba na Disemba. Mvua zikinyesha huhamia penye majani, na zikikatika hurejea penye visima. Basi mtoto wa watu hawa hawezi kuifuata skuli iliyojengwa kwa mawe mahali pamoja, kwani nyumba yake yenyewe huchukuliwa juu ya ngamia.

Wazee wao walifanyaje? Hawakungoja. Jamaa kadhaa hushirikiana wakamwajiri maalimu, naye huhama pamoja nao. Chuo chake, ambacho wao hukiita duksi, hakina kuta wala paa; ni kivuli cha mti mchana na mwangaza wa moto usiku. Mtoto huandika aya zake juu ya ubao kwa wino wa makaa, akazikariri mpaka akazihifadhi, kisha ubao ukaoshwa, akaandikiwa nyingine. Masomo huwa alfajiri kabla ya wanyama kutolewa zizini, na usiku baada ya kurejeshwa. Ujira wa maalimu, aghalabu, hutoka katika mali ile ile waliyo nayo: mnyama, maziwa na chakula. Huyu ndiye mwalimu wa saa mbili ambaye wazazi wetu wanamdhani kuwa ni jambo jipya lililozuka mjini.

Na baina ya alfajiri na usiku mtoto hakai bure. Huenda na mifugo, na huko ana skuli ya pili isiyokuwa na kitabu. Hujifunza kuijua nyayo ya ngamia wa kwao katika nyayo za ngamia wengi. Hujifunza chapa za makabila. Hujua mti gani ni dawa na upi ni sumu. Hujua ngamia jike huchukua mimba kiasi cha miezi kumi na tatu, na kwa hivyo huhesabu tangu leo mwaka ujao maziwa yatatoka wapi. Hakuna anayemwambia akariri mambo haya. Huyafanya, akakosea, akasahihishwa na mkubwa wake papo hapo, akayafanya tena. Na kosa lake lina gharama, kwani mnyama aliyepotea usiku huliwa na fisi.

Watu wa mjini tumezoea kuwadhania watu wa jangwani kuwa ni wajinga. Dhana hii ni mbaya. Maquraishi wa Makka, nao ni watu wa mji na biashara, walikuwa wakiwapeleka watoto wao wachanga jangwani wakalelewe huko, na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa kwa Bi Halima katika Bani Saad. Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba hakuna Mtume aliyetumwa ila alipata kuchunga mbuzi, naye Mtume wetu aliwachunga kwa ajili ya watu wa Makka. Na katika Suratul Ghashiya Mwenyezi Mungu anawauliza watu kwa nini hawamtazami ngamia namna alivyoumbwa. Basi mtoto wa Tarbaj anaamka kila siku mbele ya aya hiyo, na mtoto wetu anaisoma tu.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Skuli mbili hizi za mtoto wa jangwani, ya usiku na ya mchana, mara nyingi hazikutani. Anayehifadhi usiku haelezwi maana ya alichohifadhi, na anayehesabu ngamia mchana hafundishwi kuiandika hesabu yake. Wasichana wengi hukatizwa mapema kwa ajili ya kazi za nyumbani na kuozwa. Na ukame ukija huvunja yote mawili. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kunyesha ipasavyo, wanyama wakafa kwa wingi, na jamaa zilizopoteza mifugo yao zikapoteza pamoja nayo skuli ya mchana, na ujira wa maalimu wa usiku.

Ikaongezeka juu ya hayo balaa ya watu wanaoua kwa jina la dini yetu, na dini iko mbali nao. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilizuiwa karibu na Mandera, wakauawa watu 28 wasiokuwa na makosa, na miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Yakafuata mengine mfano wa hayo, hata mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, walimu wengi wasiokuwa wenyeji wakahamishwa kutoka sehemu zile. Na aliyepata khasara ni nani? Ni mtoto wa Kiislamu, aliyebaki na darasa lisilo na mwalimu. Wala tusimsahau mwalimu Salah Farah, Muislamu, naibu mwalimu mkuu wa skuli, ambaye Disemba 2015 basi alilopanda liliposimamishwa karibu na El Wak, alikataa yeye na wenzake kutenganishwa na abiria Wakristo. Akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwalimu huyu alifundisha kwa kitendo somo ambalo wengine hulisema kwa ulimi juu ya mimbari.

Sasa tuje kwetu.

Hali ya mtoto wa mjini ni ipi? Asubuhi yuko skuli, alasiri chuoni, magharibi anakuja mwalimu wa tuisheni nyumbani. Ametiwa katika mikono ya watu watatu, na baba yake amelipa ujira tatu, akaona amekwisha fanya wajibu wake. Twamuuliza baba huyu: Watu watatu hao wamepata kukutana hata siku moja? Yuko anayejua mwenzake amefundisha nini? Na wewe unajua? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakusema ataulizwa aliyeajiriwa peke yake. Mwenye ngamia wa Tarbaj huajiri mchunga, lakini jioni husimama mlangoni mwa zizi akawahesabu ngamia wake mwenyewe. Ni wangapi miongoni mwetu wanaosimama mlangoni jioni?

Na hapa hatuwalaumu wazazi peke yao. Yatupasa tukiri kosa letu sisi tunaosomesha. Alikuwako kijana mmoja katika darsa yetu aliyehifadhi mlango wa zaka hata akawa hakosi neno. Baba yake ni mtu wa duka. Mwaka ulipotimia akamwambia mwanawe, "Haya, mwanangu, nihesabie zaka yangu." Kijana akasoma mlango wote, nisabu na masharti yake, lakini hakujua aanzie wapi: ahesabu bidhaa kwa bei ipi, fedha iliyomo sandukuni aitie au aiache. Baba yake alikuja kwetu, wala hakuja kwa hasira, alikuja kwa huzuni. Akasema, "Sheikh, mwanangu amesoma au hakusoma?" Hatukuwa na jawabu, kwani tuliomsomesha ni sisi.

Tangu siku hiyo tumeyarejea mafundisho ya Mtume (S.A.W.), tukaona kwamba tumeiacha njia yake. Yeye hakuwaeleza watu sala kwa maneno tu, bali aliwaamrisha wasali kama walivyomuona yeye akisali. Na wanafunzi wa sahaba wamepokea kutoka kwao kwamba walikuwa wakijifunza aya kumi, wala hawazivuki mpaka wamejua maana yake na kuzitenda. Na katika Kur'ani tukufu, mwana wa Adam aliyemuua nduguye hakujua la kufanya na maiti mpaka Mwenyezi Mungu alipompeleka kunguru akafukua ardhi mbele ya macho yake. Na Nabii Nuh aliamrishwa aunde jahazi kwa mikono yake. Na Nabii Daud alifundishwa kutengeneza mavazi ya chuma. Basi asiyeheshimu kazi ya mikono aangalie asije akawa anawadharau Mitume.

Wala jambo hili si geni pwani yetu. Wazee waliodai ilimu ya namna hii walikuwako. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki mwaka 1947, alitumia gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, kuwaamsha Waislamu waitafute ilimu ya dini na ya dunia pamoja. Na mwaka 1951 Chuo cha Ilimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilianza kuwasomesha vijana wa Kiislamu ufundi kwa mikono. Chuo hicho ndicho kilichokuwa baadaye Mombasa Polytechnic, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Na kabla ya hicho na hichi, mwana wa fundi wa jahazi alijifunza kando ya baba yake, akishika timazi angali mtoto.

Basi haya hapa ni masomo matatu ambayo mzazi, au mwalimu wa saa mbili, aweza kuyafanya nyumbani bila ya gharama.

Somo la kwanza ni la kivuli na kibla. Msimamishe mtoto uwanjani na mti ulionyooka, autie katika ardhi wima. Kila baada ya robo saa, tangu kabla ya adhuhuri, atie alama kwenye ncha ya kivuli. Ataona kivuli kinapungua, kisha kinasita, kisha kinaanza kuongezeka. Na hapo amejua kwa macho yake nini maana ya jua kupinduka na kuingia wakati wa adhuhuri. Kisha ajue kwamba Makka, Mombasa na Tarbaj karibu zote ziko katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na ndiyo maana kibla chetu na chao ni kaskazini. Na kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Makka sawasawa. Wakati huo kivuli cha mti huangukia kusini, na anayesimama kwenye ncha ya kivuli akautazama mti amekabili kibla. Mtoto akifanya hivi, amesoma fikihi, jiografia na hesabu katika mchana mmoja.

Somo la pili ni la zaka. Mwambie mtoto wa Tarbaj ahesabu ngamia wa baba yake wanaojilisha malishoni. Wakiwa 5, zaka yake ni mbuzi au kondoo mmoja, 10, wawili, 15, watatu, 20, wanne, wakifika 25 ni ngamia jike aliyetimiza mwaka mmoja, na wakifika 36 ni jike aliyetimiza miaka miwili. Basi mwenye ngamia 40 atatoa nini? Mtoto aende zizini amtafute mnyama huyo, amjue kwa umri wake, amlete. Na mtoto wetu wa mjini afanye hesabu ya duka: ikiwa mwaka umepita, na bidhaa kwa bei ya siku hiyo ni shilingi 2,400,000, na fedha taslimu ni 200,000, jumla ni 2,600,000, akigawa kwa 40 atapata 65,000. Aandike kwa mkono wake, kisha aende pamoja na baba yake mpaka kwa maskini anayestahiki, aone zaka inakwenda wapi. Hapo hataisahau.

Somo la tatu ni la maji. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Mtoto afungue mfereji atawadhe kama desturi yake, na maji yote yakingwe katika ndoo, kisha ayapime. Ataona ametumia mara ngapi zaidi ya hapo. Kisha mpe hesabu ya kisima: tuseme ngamia mmoja aliyekaa siku nyingi bila maji hunywa lita 80, na ngamia ni 40, na debe ni lita 20, je, kijana wa Tarbaj atavuta madebe mangapi? Ni 160, kwa mkono na kamba. Baada ya hapo mwambie atawadhe tena, umtazame atakavyoufungua mfereji.

Yuko atakayesema, "Haya yote yapo katika mtaala mpya wa skuli." Ni kweli kwamba mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, umewataka watoto wafanye kazi za vitendo. Lakini tumeona kwa macho yetu mtoto anapewa kazi ya kutengeneza kitu, baba akakimbilia dukani akakinunua kimekwisha tengenezwa, au mama akakesha akakitengeneza yeye, na mtoto amelala. Mwalimu akatoa alama. Alama hizo ni za nani? Huu ni udanganyifu, na mtoto amefundishwa udanganyifu huo na wazazi wake.

Na yuko mwengine atakayesema, "Basi tuwatoe skuli, tuwasomeshe nyumbani kabisa." Hatusemi hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemlazimisha mzazi kumpeleka mtoto skuli, na sheria hiyo hiyo imezitaja madrasa na duksi na mafunzo ya wafugaji ili ziunganishwe na masomo ya serikali, na ikaweka Baraza la Taifa la Elimu kwa Wahamaji. Muislamu hutimiza ahadi na hufuata sheria isiyomwamrisha maasi. Tunalolitaka ni kwamba saa zinazobaki baada ya skuli zisiwe skuli nyingine iliyochoka. Imam Ghazali amehimiza mtoto aachiwe acheze baada ya masomo, kwani kumzuilia huua moyo wake; na Ibn Khaldun ameonya kwamba anayesomeshwa kwa ukali hujifunza uwongo ili aokoke na adhabu. Kwa hivyo mwalimu ajaye na bakora nyumbani, mlipeni ujira wake, mumuage kwa wema.

Na mwenye kumwajiri mwalimu wa nyumbani ashike mambo haya manne. La kwanza, ujira wake ujulikane na ulipwe kwa wakati, kwani mwalimu mwenye njaa hulazimika kukimbia nyumba saba kwa jioni moja, na kila nyumba hupata sehemu ya saba ya akili yake. La pili, jamaa tatu au nne zishirikiane kama wafanyavyo watu wa jangwani, ili gharama ipungue na mtoto apate wenzake. La tatu, wasichana wakae katika somo hilo hilo, na hesabu hiyo hiyo, kwa adabu na staha ya dini. Kwani ilimu ni faradhi kwa kila Muislamu, na msichana ndiye mwalimu wa kwanza wa kizazi kijacho. La nne, mzazi awe hapo. Hata akiwa hajui kusoma, akae amuulize mwanawe, "Leo umefanya nini? Nionyeshe." Neno hilo, nionyeshe, laweza kusemwa na baba asiyejua herufi moja.

Ama mas-ala tuliyoulizwa, jawabu yetu ni hii. Kumlipa mwalimu hakumtoi mzazi katika dhima. Humpa msaidizi tu. Na kazi ya mikono si mchezo unaomwibia mtoto wakati wa kitabu, ikiwa kitabu na kazi vinafundisha jambo moja. Lakini kitabu bila ya kazi kitatuletea vijana mfano wa yule wa darsa yetu, na kazi bila ya kitabu itatuletea mchunga hodari asiyejua Mola wake amemfaradhia nini katika ngamia zake.

Nasi tumekwisha anza. Mlango wa zaka katika darsa yetu sasa husomwa pamoja na daftari ya duka, na aliyetangulia kuisoma kwa njia hiyo ni kijana yule yule. Baba yake ndiye aliyeleta daftari.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani kabla ya darsa ijayo: Mwenye mbuzi 130 wanaojilisha atatoa wangapi katika zaka? Kivuli cha adhuhuri Mombasa katika mwezi wa Disemba huelekea upande gani, na kwa nini? Na la mwisho, nalo ni la wazazi: mwanao amejifunza nini jana?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachunga wema, awahifadhi watoto wa Tarbaj na watoto wetu, awarejeshee mvua na walimu, na ajaalie ilimu yetu iwe hoja kwetu, isiwe hoja juu yetu. Amin.